Betri ya Ndege ya Kuchezea

Mjukuu wangu Ngoie,

Ukoo umenifanya babu yako, ingawa nimetoka chuoni juzi tu. Hapa Naviundu wote ni wazima.

Unauliza kama kweli narekodi sauti kwa betri za ndege za kuchezea. Kweli, wala siombi radhi. Kule Lukafu, shangazi yangu Mwape, akiwa mgonjwa, alitaka nyimbo zake za shambani zihifadhiwe, na umeme ulikuwa umekatika. Mwanawe akanikaripia: “Weye na diplome yako, utatuunguza! Ngojea umeme irudie.” Kweli betri hizo huweza kushika moto, kwa hiyo niliilaza juu ya matofali, nikaiunganisha na kipunguza volti, kinasa sauti kikawaka. Shangazi akacheka: “Umeme iko na wakati, miye hapana. Tuanze!” Akaziimba zote.

Umeme ulirudi baada ya mazishi yake. Atakayekuhubiria subira, mwambie aanzie hapo.

Babu yako