Ombi la Adela Lililofika Kabla ya Mlo

Mpendwa Baba,

Daktari wa moyo amesema leo asubuhi kwamba Adela hahitaji dawa tena. Amemsikiliza kifuani, akautazama moyo wake kwenye kioo cha mashine, akaandika kwenye faili, kisha akaniambia: "Tundu limeziba kabisa. Mwache akimbie na wenzake." Nilimwomba arudie, nikaandika kwenye daftari. Sasa tumekaa kwenye benchi nje ya kliniki, mjukuu wako anamenya chungwa, nami nakuandikia kwa sababu kuna jambo kuhusu ombi lake ambalo sikukwambia ulipokuwa hai.

Unakumbuka siku niliyokufungulia barua pepe? Tulikuwa kwenye stesheneri ya Bi Rehema, Kibondo mjini, na wewe ulivaa koti kana kwamba tunakwenda kwa mkuu wa wilaya. Hukutaka kuandika barua hata moja kabla ya kumaliza mipangilio. Mahali pa sahihi, ile inayojiweka yenyewe chini ya kila barua, uliandika: "Wako katika ujenzi wa Taifa, Mwalimu Mkuu Mstaafu. Nakala: Jalada." Nilikwambia kompyuta inatunza nakala bila kuambiwa.

"Itunze," ukasema. "Na mimi niandike."

Kisha nikakuonyesha kwamba ukishabonyeza kutuma, unaweza kuipa barua sekunde thelathini za kusubiri, na ndani ya sekunde hizo ukaiita irudi. Ulinitumia barua, ukaiita. Ukatuma tena, ukaiita tena. Bi Rehema alivumilia hadi mara ya nne.

"Mwalimu, mwachie mtoto barua yake. Kuna watu wanasubiri kompyuta."

"Bi Rehema, nimeandika barua maisha yangu yote. Hakuna iliyowahi kugeuka njiani nilipoiita."

"Na wateja wangu wakigeuka mlangoni, utawaita wewe?"

Lakini kilichokuacha mdomo wazi ni kuratibu: kuandika barua leo na kuipangia siku na saa ya kuondoka. Ulinihoji kama mkaguzi wa shule. Na mimi nikiwa shambani? Inaenda. Simu ikiwa imezimwa? Inaenda, Baba, haipo tena kwenye simu, umeshaikabidhi. Umeme ukikatika Kibondo nzima? Inaenda. Ulivua miwani, ukaifuta kwa pindo la koti, ukaivaa tena. Halafu ukasema taratibu, "Kumbe mtu anaweza kuwa hayupo, na neno lake likafika saa ile ile aliyosema."

Tangu siku hiyo hukutuma tena barua kwa papara. Za salamu ulizipanga asubuhi. Za pole zilikwenda papo hapo. Za kuomba, zote, ulizipangia saa nane mchana, kwa sababu ulishikilia kwamba ombi lisimfikie mtu kabla hajala.

Adela alikuwa na miaka mitano tulipolazwa hospitali ya Kabanga. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya bluu hata akiwa amekaa tu. Daktari wa wodi alituambia kuna timu ya wapasuaji inakuja nchini kufanyia watoto upasuaji wa moyo, nafasi ni chache, na maombi yatapokelewa kwa barua pepe siku moja tu, Ijumaa, kabla ya saa iliyoandikwa kwenye tangazo. Alipomaliza akanivuta pembeni. "Dada, huyu hawezi kusubiri timu nyingine."

Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa nyumbani kwako Kibondo. Mimi nisingeweza kutoka kitandani pake. Wewe uliyekuwa nasi wodini ulichukua barua ya daktari na lile tangazo, ukavikunja ndani ya koti, ukapanda basi.

Alhamisi alasiri ulinipigia simu. "Nimeskani vyote. Nimeipanga iondoke kesho saa nane mchana. Mwisho ni saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo muda upo. Mimi nitakuwa njiani kuja huko, na msituni hakuna mtandao."

"Kwa nini isiende asubuhi, Baba?"

"Mwana wanje, mwanangu, hili ni ombi kubwa. Tusimwendee mtu ana njaa."

Tulipokata simu nilifungua akaunti yako kwenye simu yangu. Nenosiri nililijua, nililiweka mimi. Barua ilikuwepo kati ya zilizoratibiwa, viambatisho vyote vipo. Muda wa kuondoka: 8:00 asubuhi. Nilielewa mara moja. Saa yako ya mkononi uliielekeza kwa hesabu yetu, ikifika saa nane mshale mfupi unasimama kwenye nane, na ndivyo ulivyoandika. Kompyuta ilisoma nane yake, ambayo kwetu ni saa mbili asubuhi. Ombi lingefika saa sita kabla ya muda uliotaka, na mpokeaji hajala.

Nikaamua kukurekebishia. Ili kubadili muda unaanza kwa kufuta ratiba ya kwanza, na kidole changu kilikuwa tayari juu ya neno hilo. Muuguzi akaingia na sindano. "Mama Adela, mshike mkono, hii inauma kidogo." Niliweka simu kwenye shuka. Adela alinishika kwa mikono yote miwili na hakuniachia mpaka alipolala, na mkono wangu ukafa ganzi. Simu sikuigusa tena. Nilisahau.

Ijumaa asubuhi, saa tatu, niliona kwenye akaunti yako mstari mmoja wa majibu: ombi limepokelewa. Wewe uliingia wodini saa saba na dakika kumi, mkungu wa ndizi begani na vumbi hadi kwenye nyusi. Ulitazama saa kabla hata ya kutusalimu.

"Bado kidogo iondoke."

Nikakuonyesha majibu.

"Imekwenda saa mbili? Kabla hajala?" Uliona aibu kweli. "Tumwandikie kumtaka radhi." Ukatoa tangazo kwenye koti ili upate jina la mpokeaji, na mimi nikalichukua mkononi mwako. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kulisoma. Mimi, mhariri ninayewarudisha waandishi chipukizi wa redio yetu wakileta habari ya karatasi ambayo hawajaiona kwa macho yao.

Liliandikwa kwa Kiingereza: Ijumaa, kabla ya 12:00.

"Saa kumi na mbili," ukasema.

"Baba, kwa hesabu yao hiyo ni saa sita mchana."

Ulitazama mkono wako. Saa sita ilikuwa imepita. Ukakaa ukingoni mwa kitanda, na mkungu bado uko begani.

"Kwa hiyo nimekosea mara mbili."

"Ndiyo."

"Na ningekosea mara moja tu?"

"Asingekuwamo kwenye orodha."

Uliutafuta mguu wa Adela chini ya blanketi, ukaushika. Yeye akakuuliza kama ndizi zimeiva.

Uliishi ukiamini kwamba yalikuwa makosa yako mawili tu, moja likifuta jingine. Ukweli ni kwamba aliyekaribia kumnyima mwanangu nafasi ni mimi, niliyekuwa sahihi. Kama ningekurekebishia kosa moja nililoliona, barua ingekaa kimya mpaka saa nane, na dirisha limefungwa saa mbili nyuma. Sikuzuiwa na busara. Nilizuiwa na mtoto anayeogopa sindano.

Sikukwambia kwa sababu nilijitetea kikazi: jambo ambalo halikutokea si habari. Hata Adela aliporudi kutoka kwenye upasuaji, ukamwona akipanda ngazi ya nyumba yako bila kupumzika, nilikaa kimya. Mwaka uliofuata wewe ukatutoka, na bado nilikuwa nimekaa kimya.

Neno "muujiza" nimelifuta kwenye taarifa nyingi, na bado nalifuta. Nimeyapitia mambo yale moja moja kama ninavyopitia habari yoyote, na kila moja lina maelezo yake. Ninapoyaweka pamoja, maelezo yananiishia. Nabaki nimetazama tu, na ninakiri kwamba sijaona kitu kikubwa kuliko hicho katika kazi yangu yote.

Miaka yote hii, siku za michezo shuleni kwao, Adela hupewa kazi ya kushika kamba ya mwisho ili wenzake waikate. Dakika chache zilizopita nimempigia mwalimu wake na kumsomea maneno ya daktari. Amemwandika mbio fupi za wasichana, kundi la pili, Jumamosi hii saa tatu asubuhi.

Lala salama, Baba.

Binti yako,
Mama Adela