Ulitoka Kabla ya Arobaini

Mama yangu,

Shikamoo. Tumeshinda. Nimeona nikwambie kwanza, maana hukuwa mtu wa kuzungushwa. Hata habari ya mgonjwa uliitaka kabla ya salamu. Alhamisi hakimu alisoma hukumu. Amesema hospitali ile ilizembea, na kwamba mama wa mtoto alifanya yote ambayo mama angeweza kufanya. Hayo maneno ya pili ndiyo niliyoyashika. Tulipotoka nilimwomba wakili wetu ayarudie. Akacheka. "Rehema, yameandikwa, hayatoroki."

Unanijua. Mimi bado ni yule karani wa ofisi ya wilaya kule Isikizya anayesoma barua mara tatu kabla ya kuigongea muhuri, na anayerudi mlangoni kuhakikisha amefunga. Ulipofariki, kesi ikiwa ndiyo kwanza imefunguliwa, nilidhani imezikwa nawe. Baba yuko Goweko na tumbaku yake na mke wake mdogo. Alisema mambo ya mahakama hayawezi. Mdogo wangu Shabani hawezi kujisemea. Nikabaki mimi, ambaye hata kwenye mikutano ya ofisini huwa naomba mwenzangu aniulizie swali.

Nakumbuka chumba chako cha uzazi. Pazia zito, moshi wa ubani, ule uji wa pilipili manga uliokutoa jasho puani. Bibi aliketi mlangoni kama bawabu. Nilirudi kutoka shuleni nikaingia kumwona mdogo wangu, ukasogeza pazia kidogo mwanga uingie.

"Rehema, wewe una macho mazuri. Mtoto huyu ana rangi gani?"

Nikasema, "Kama bizari, Mama."

Ulimbonyeza kifuani kwa kidole, ukaachia, na pale ulipobonyeza palikuwa manjano. Weupe wa macho yake ulikuwa manjano. Alikuwa hanyonyi, analala tu. Bibi akasema watoto wote huwa hivyo, rangi itajiondokea, na mzazi wa nyumba hii havuki kizingiti kabla ya arobaini. Siku iliyofuata, mimi nikiwa darasani, ulimfunga Shabani kifuani, ukatoka kwa mlango wa mbele, mchana kweupe.

Niliporudi nilikuta mtaa wetu wote wa Mtendeni unalizungumza jambo hilo. Wewe ulikuwa umekaa kitandani unamtazama mtoto. Ulisema, "Muuguzi wa hospitali niliyojifungulia anasema ni manjano ya kawaida. Tumwanike jua la asubuhi." Hawakumpima damu. Hawakumlaza. Tukamwanika uani kila asubuhi kama tulivyoambiwa, nami nikishika kanga jua lisimpige machoni. Kisha shingo yake ikaanza kupindia nyuma, na kilio kikawa chembamba kama filimbi. Ulipomkimbiza hospitali kubwa wakampima, wakamweka chini ya taa za bluu, lakini manjano yalikuwa yameshaingia kwenye ubongo.

Baada ya hapo sikukuona tena ukikaa barazani. Wanawake walisema umemtoa mtoto kabla ya arobaini, upepo umemkuta. Aliyesema kwa sauti kuliko wote ni Bi Mwajuma wa vitumbua. Ulipita mbele ya karai lake miaka yote hiyo na Shabani mgongoni, hata miguu yake ilipokuwa inakaribia magoti yako, ukamwamkia, ukaendelea na safari yako.

Halafu yakaja majibu ya hospitali kwa madai yetu. Mama, nashukuru hukuyasoma. Walisema hukurudi kwao kamwe. Walisema inajulikana kuwa watu wa mjini kwetu humfungia mzazi ndani siku arobaini, na mwiko huo ndio uliomponza mtoto. Ujio wako hawakuwa wameuandika popote. Niliyasoma nikiwa mezani kwangu ofisini, nikaenda kunywa maji, nikarudi, nikayasoma tena. Ndipo nikaona jambo ambalo woga ulikuwa umenificha. Mtaa ulisema umemponza Shabani kwa kutoka. Hospitali ilisema umemponza kwa kutotoka. Yote mawili hayawezi kuwa kweli.

Nilipiga hatua mpaka kwa Bi Mwajuma, nikarudi. Nikaenda tena, nikaanza kuchagua vitumbua nisivyovitaka. Akanitazama.

"Wewe binti, unanunua au unanihesabia?"

"Shikamoo, Bi Mwajuma. Nimekuja umseme mama yangu."

"Marahaba. Nimseme marehemu? Una wazimu?"

"Yale uliyokuwa unayasema siku zote. Kwamba alitoka. Uyaseme mbele ya hakimu."

Aligeuza vitumbua, akakosea kimoja kikaanguka majivuni. Kisha akaniambia nisilolijua, nawe hukuwahi kunisimulia. Kwamba alipokuona unapita aliita, "Yarabi! Mzazi wa juzi anazurura juani kama mjumbe wa nyumba kumi!" Nawe ukamjibu bila kusimama, "Bi Mwajuma, niseme nikirudi." Na kwa kuwa mzazi hatembei peke yake na mtoto mchanga, hata akiwa mkosaji, aliacha karai motoni, akachukua mwavuli, akakufuata. Alikufunika kwa mwavuli na kukusema njia nzima, mpaka ndani ya hospitali ile, mpaka mbele ya muuguzi.

"Nilisikia kwa masikio yangu," akasema. "Mama yako alisema mtoto hanyonyi. Alisema mara mbili. Yule akamtazama juu juu, akasema mwanikeni." Akapangusa mikono kwenye kanga. "Nami nilifurahi, unajua? Nilimwambia mama yako, umeona, umevunja arobaini kwa kitu cha bure."

Siku ya ushahidi nilitangulia mimi. Hakimu akaniambia niongeze sauti, nikaongeza. Nilisema bizari. Nilisema kidole chako kifuani pake. Daktari bingwa wa watoto akaeleza kwamba manjano hayapimwi kwa jicho bali kwa damu, kwamba mtoto wa rangi ile asiyenyonya haondoki hospitalini, na kwamba jua la uani si dawa yake. Kisha akaitwa Bi Mwajuma, na baibui lake la Idi. Wakili wao akatabasamu.

"Mama, ni miaka mingi. Unawezaje kukumbuka siku moja?"

"Wakili mwanangu, mwanamke wa mtaa wetu kutoka kabla ya arobaini? Tumelizungumza mpaka Ramadhani. Na vitumbua vyangu vyote viliungua. Wewe ungesahau?"

Watu wakacheka. Wakili huyo akauliza kama hakushawishiwa na mimi.

"Na huyu? Huyu hata kununua kitumbua anaogopa."

Nilicheka pamoja nao, Mama, humo humo mahakamani. Lakini alipoulizwa kama ana la kuongeza, aliacha mzaha. "Mababu zangu walikuja hapa na misafara, kwa miguu kutoka pwani, na waliomwacha mgonjwa njiani walilaaniwa. Mama wa mtoto huyu hakumwacha mgonjwa wake. Mimi nilimsema bure. Andikeni hivyo."

Wakaandika.

Shabani tulimpeleka siku ya hukumu. Unajua anavyosikia kwa shida, lakini nyuso anazisoma kuliko mimi ninavyosoma barua. Nilipogeuka kumtazama alikuwa ameshajua. Aliuinua mkono wake, ule wa kulia, ukaenda kushoto, ukarudi, ukapotea, akaungoja, mpaka ukafika kwenye shavu langu. Hospitali imeamriwa kugharamia matibabu yake na mazoezi yake, kiti chenye kushika shingo, na vifaa vya kusikilizia. Sitaki kukudanganya kwamba atapona. Lakini anakwenda shule, Mama, na hakuna tena atakayesema wewe ndiye uliyemfanya hivi.

Nilidhani barua yangu ingeishia hapo. Ila jana nilikuwa nimesimama kwa Bi Mwajuma, siku hizi nasimama tu, hata bila kununua, mke wa fundi cherehani wa nyumba ya pili akachungulia dirishani na mtoto wa juzi mkononi. Bi Mwajuma akaenda kumtazama yule mtoto, akamfunua jicho kwa kidole. Nikamwona anavyobadilika uso.

"Vaa," akamwambia mzazi.

Mama mkwe akatokea. "Avae aende wapi? Arobaini je?"

"Arobaini itangoja. Manjano hayangoji."

Akafungua mwavuli. Ni ule ule, Mama, una kiraka. Wakatoka watatu kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, nami nikiwafuata na mfuko wa nepi. Hospitali kubwa walimtoa mtoto damu hapo hapo, na kabla ya alasiri alikuwa amelala chini ya ule mwanga wa bluu. Asubuhi ya leo amenyonya mpaka amejitapikia.

Lakini nataka nikwambie tulivyopita barazani. Wanawake walikuwapo wote, midomo imeshafunguka. Bi Mwajuma hakusimama.

"Nisemeni nikirudi," akawaambia.

Hakuna aliyemsema. Mmoja wao aliinuka, akaenda kwenye karai, akaanza kugeuza vitumbua visiungue.

Lala salama, Mama. Nimeisoma barua hii mara moja tu, naifunga.

Mwanao wa kwanza,
Rehema