Mukono Niliopunga Luvungi

Mujukuu wangu Aline,

Jambo toka Bukavu. Tuko salama, mudogo wako ameng'oka jino. Unaniuliza kama uje Noeli kwa lifti toka Kalemie, na unaona haya kuomba.

Mimi pia! Nikirudi shule toka Luvungi, nikiogopa kukosa mutihani, nilijua Kifaransa na Kiswahili, lakini sauti haikutoka kwa lugha yoyote. Nilipunga mukono tu. Madereva walinipungia nao, wakapita!

Halafu kamio ya muchele ikasimama. Maman mumoja akaita juu ya magunia: "Weye mutoto, unatusalimia ao unaomba lifti?"

"Vyote, Maman!"

Waliniimbia mpaka Bukavu.

Kuja na rafiki, muchana, na uombe kwa sauti. Mimi nitakupungia mulangoni. Hapo itakuwa salamu tu.

Koko wako