Figa Chini ya Gurudumu la Mbele

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Tunduma, Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya
Jumatatu, 16 Novemba 2009, saa 3.20 asubuhi

Jina: Nesta Haonga. Umri: miaka 36. Kabila: Mnyiha. Dini: Mkristo. Elimu: kidato cha nne. Kazi: karani, ofisi ya wakala wa forodha. Makazi: Mtaa wa Majengo, Tunduma.

Nahojiwa kuhusu kuumia kwa mume wangu, Gasper Simbeye, na kuhusu mpangaji wetu, Kashinje Bugalama, ambaye yuko mahabusu tangu juzi kwa ajili hiyo.

Mnamo Jumamosi tarehe 14 Novemba 2009, ukungu mzito hadi saa mbili, kisha manyunyu, kisha jua hafifu. Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu asubuhi hiyo. Huandika tarehe na hali ya hewa kila siku tangu nilipomaliza shule, na koplo ameniruhusu niliweke mezani ili saa nitakazotaja ziwe za kweli.

Mume wangu ni mtunza stoo wa kampuni ya malori. Si fundi. Mwezi wa nane mwaka jana alinunua pikapu kuukuu, akasema haitakanyaga gereji ya mtu, ataitengeneza mwenyewe uani. Tarehe 6 Septemba alimwaga oili chafu kwenye beseni langu la kufulia akasahau kuniambia, nikaloweka mashuka humo. Tarehe 18 Oktoba alifungua pampu ya maji na kuifunga, zikabaki nati tatu mkononi. Alisema magari ya zamani yalikuwa yanatengenezwa na nati za akiba. Mwezi wa kwanza mwaka huu honi ilikataa kunyamaza tangu ibada ilipoanza hadi sadaka, na kanisa liko nyumba ya nne kutoka kwetu. Mambo hayo yote nimeyaandika. Siku hizo tulikuwa tunacheka wawili.

Kashinje alihamia chumba cha uani tarehe 1 Machi. Ni Msukuma, baba yake alihamia bondeni Momba na ng'ombe wake, baadaye akanunua trekta, na binti akakulia chini ya trekta hilo. Anauza spea stendi. Wiki ya kwanza tu, akiwa anaosha vyombo mlangoni kwake, alimsikia Gasper akiwasha gari akasema bila hata kuinua kichwa, "Shemeji, plagi ya tatu haichomi." Gasper alifungua akakuta ni kweli. Tangu siku hiyo akawa anamwita Fundi. Mimi ananiita Mama Rosemary, kwa jina la binti yetu.

Mwezi wa nne nilinakili kwenye kurasa za mwisho za daftari namba za spana zake zote, na kila moja inafungua nini. Nilizisoma kama nilivyokuwa nasomea mtihani. Tarehe 23 Mei, Gasper akiwa chini ya gari, alinyoosha mkono akasema, "Kumi na tatu." Nilikuwa karibu kuliko Kashinje. Niliichukua kumi na tatu nikampa. Aliipokea, akauona mkono uliompa, akasema, "Mwachie Fundi, Mama Rosemary, utajichafua." Spana ilikuwa ndiyo yenyewe. Aliitumia.

Sijawahi kuwakuta katika jambo la aibu. Naomba hilo liandikwe kama nilivyolitamka. Danford, mdogo wake Gasper, ameleta hapa kituoni maneno kwamba walikuwa na uhusiano wakagombana, na kwamba Kashinje aliliacha gari limwangukie kwa makusudi. Maneno hayo ni yake. Mimi nilichokiona ni watu wawili wanacheka chini ya gari, na kicheko kinakatika ninapopita. Siku nyingine hakikukatika, na siku hizo niliumia zaidi.

Jumamosi hiyo walianza kazi saa 2.40 asubuhi. Kebo ya handbreki ilikuwa imekatika na walitaka kuweka nyingine. Uani kwetu kuna mteremko kuelekea getini, na gari lilikuwa limetazama huko. Walinyanyua nyuma kwa jeki. Pikapu hiyo inasukumwa na magurudumu ya nyuma, hivyo yakiwa hewani gia haizuii kitu, na handbreki hakuna. Kinachoizuia isiteremke ni kile kilichowekwa mbele ya magurudumu ya mbele. Hilo nalijua kwa sababu nilimsikia Kashinje akilieleza, na nikaliandika.

Gurudumu la kushoto aliliwekea tofali la kuchoma. La kulia alitafuta tofali jingine akakuta limepasuka. Mimi nilikuwa nimekaa bombani nachambua maharage ya makande. Nilimwona anaingia katika jiko langu la nje na kutoka na figa moja, amelipakata ubavuni kama mtoto. Alisema huku anatembea, "Dada Nesta, naazima hili, si siku hizi unapikia mkaa?" Hakusubiri nijibu.

Koplo ameniuliza kama jiwe si jiwe tu. Mafiga yale matatu mama yangu aliyachagua mwenyewe mtoni Hasamba mwaka 1997, wiki niliyoolewa. Yalikuja Tunduma juu ya lori la kahawa. Alinipangia jikoni kwa mikono yake, akaniambia mwanamke asiye na mafiga yake ni mgeni kwa mumewe, na kwamba mwanamke mwingine asiyang'oe hata akiwa ndugu. Mama amefariki. Siku za kazi napikia mkaa, lakini Jumamosi napikia kuni, na Gasper analijua hilo. Nilimtazama ili aseme neno. Alikuwa anamwelekeza Kashinje alisogeze jiwe kidogo kulia.

Saa 3.30 walikunywa chai. Kashinje alikwenda stendi kuchukua kebo kwenye kibanda chake. Akiwa getini alimwambia Gasper, "Jiwe nimeshaweka, shemeji. Ukitaka kulegeza ile bolti, anza tu." Kisha Gasper aliingia ndani kutafuta tochi.

Hapa koplo amenisimamisha. Ameniambia kwamba nitakayosema kuanzia sasa yanaweza kutumika dhidi yangu mwenyewe, na kwamba silazimiki kuendelea. Nimemwambia aandike.

Saa 3.50 nilivuka uani nikaliondoa figa langu. Hakuna mtu aliyekuwa chini ya gari. Halikuwa limebanwa, gari lilikuwa limeegemea tofali la upande wa pili. Sikukosea na sikudhani ni jiwe jingine. Nilijua linazuia nini. Nililirudisha mahali pake, nikawasha kuni, nikateleka chungu cha makande juu yake.

Sikutaka mtu aumie. Nilitaka waje waniombe. Nilitaka wasimame mlangoni mwa jiko langu wote wawili, waombe, nami niwape au niwanyime. Nilikuwa nimeshatunga na jibu. Ningewaambia, "Kwani mimi nilikuwa sionekani?"

Saa 3.58 Gasper alitoka na tochi. Aliinama upande wa kushoto, ulio karibu na nyumba, akaliona tofali. Upande wa kulia hakuuzunguka. Kashinje alikuwa amesema ameweka, na kwake hilo lilitosha. Aliingia chini kwa mgongo na nikasikia nyundo.

Niliinuka. Nilifika hadi mlango wa jiko, kama hatua nane kutoka kwenye gari, nikiwa nimeshafungua mdomo kumwambia atoke. Alisikia nyayo zangu kwenye kokoto. Akasema kutoka kule chini, kwa sauti ya furaha, "Fundi, umerudi?"

Nilirudi kwenye chungu.

Nilikuwa naangalia saa kwa ajili ya makande, kwa hiyo naweza kusema kwa hakika. Kutoka aliposema maneno hayo hadi tofali lilipopondeka zilipita dakika tatu. Ndani ya dakika hizo tatu aligonga mara nyingi na nilikuwa na nafasi ya kusema. Sikusema.

Saa 4.03 gari lilishuka kama mita moja na nusu. Jeki ilianguka na ekseli ikamlalia Gasper pajani na ubavuni. Kashinje alikuwa anaingia getini na kebo mkononi. Alisukuma bodi kwa mgongo wake ili gari lisisogee tena, akapaza sauti kwa majirani waliokuwa wameanza kumshika Gasper mabega, "Msimvute. Mtamkata." Akaita dereva wa lori lililoegeshwa nje, Mzambia anayeitwa Enoka, aje na jeki kubwa. Enoka alinikuta njiani nimesimama na mwiko. Aliniambia taratibu, kwa neno la heshima la kwao, "Mama, mukwai, kaa pembeni." Waliinyanyua pikapu na Kashinje akaingia chini mwenyewe kumtoa. Gasper alimshika shati kifuani, hakuliachia hadi walipomlaza kwenye gari la kumpeleka hospitali. Nililihesabu hilo pia, hata wakati ule.

Walipoondoka Kashinje aliinama kwenye gurudumu la kulia. Aliuliza, bila kumtazama mtu, "Jiwe liko wapi?" Alizunguka gari mara mbili. Jikoni kwangu kulikuwa kunatoka moshi, naye hakuangalia huko. Sijui kama haikumjia akilini au alinistahi.

Danford alifika na polisi saa 5.15. Kashinje alisema aliweka jiwe. Polisi walitafuta hadi kwenye mfereji, jiwe halikuonekana. Danford alicheka akasema labda limepanda basi. Nilipoulizwa nilisema nilikuwa napika na sikuona kitu. Maelezo yangu yale ya Jumamosi hayakuwa ya kweli. Kashinje alichukuliwa saa 5.40. Akiwa anapanda gari la polisi aliniambia, "Dada, funguo za chumba ziko juu ya mlango. Chukua mtindi umpelekee shemeji, usiharibike."

Jana Jumapili tarehe 15, mawingu tangu alfajiri, upepo, hakukunyesha. Nilifika hospitali Vwawa saa 4.00 na uji. Gasper amevunjika paja na mbavu mbili. Mguu wameufunga uzito na kuuning'iniza. Danford alikuwepo, anamweleza kwamba shauri limeshakaa vizuri, yule mwanamke atafungwa na kibanda chake kitaondoka stendi. Gasper alimsikiliza akiwa amefumba macho. Kisha alisema, "Kashinje hawezi kusahau jiwe."

Danford alimwambia dawa zinamlevya. Gasper alirudia, polepole, kwa sababu ya mbavu. "Mimi namjua. Akisema ameweka, ameweka."

Nilikuwa nimeshika kijiko. Tumeishi miaka kumi na miwili. Najua wapi anaweka kila kitu chake, na kila asubuhi nimemtengea maji ya kuoga kabla hajauliza. Hajawahi kumwambia mtu kuhusu mimi kwamba nikisema jambo ni hivyo. Na ilikuwa mara ya kwanza namsikia akimwita kwa jina lake.

Tukiwa nje ya wodi Danford alinisogelea akasema, "Shemeji, wewe nyamaza tu. Acha sheria ikufagilie uani kwako." Nakiri kwamba wazo hilo lilikuwa limeshanifikia kabla yake. Tangu Jumamosi mchana nilikuwa nimeuona ule ua bila Kashinje, kamba ya nguo bila kanga zake, mlango wa chumba chake na kufuli. Nililiona hilo vizuri na lilinipendeza.

Lakini nilipanda basi kurudi Tunduma, na tulipofika Mpemba nilikuwa nimeona na lile jingine. Akifungwa kwa jambo ambalo hakulifanya, Gasper hatamwacha. Atalala kwenye kile kitanda miezi mitatu akimfikiria. Atarudi nyumbani na fimbo, na kila akiitazama pikapu atajua kuna mtu alionewa, na mtu huyo ni yeye. Mimi nitakuwa napita na sahani. Namuonea wivu Kashinje. Naomba liandikwe neno hilo, koplo asiweke jingine. Namuonea wivu hata sasa yuko sakafuni mahabusu, kwa sababu kuna mtu aliyevunjika mbavu anamtetea. Sitaki nimwongezee na hilo.

Tena kuna lile ambalo si wivu. Alimtoa mume wangu chini ya gari nami nimesimama na mwiko.

Rosemary yuko bweni, hajaambiwa. Nyumbani nilikuwa peke yangu. Niliandika kwenye daftari mambo yote ya Jumamosi kwa saa zake, pamoja na zile dakika tatu, kwa wino, ili nisije nikabadili. Niliyasoma mara mbili. Nilipanga kuja hapa kabla ya kwenda kazini. Nilipata usingizi saa nane na dakika arobaini usiku.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimeyasoma mwenyewe na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: N. Haonga

Maelezo haya yameandikwa nami, D/Koplo Boazi, kwa lugha ya Kiswahili, leo tarehe 16 Novemba 2009, kuanzia saa 3.20 hadi saa 5.35 asubuhi. Shahidi alionywa kabla ya kueleza kuondolewa kwa jiwe, akachagua kuendelea. Amesoma kurasa zote na kusahihisha jambo moja: nilikuwa nimeandika dakika mbili, akasema ni tatu. Kashinje Bugalama ametolewa mahabusu saa 6.10 mchana. Alipopita kaunta aliuliza hali ya mgonjwa. Aliyemjibu ni Nesta Haonga, akiwa sasa upande wa ndani, wa mahabusu.