Gauni la Chandarua

Cedar Hill, Texas
Jumapili, baada ya misa

Kwa dada yangu mpenzi, Sista Pelagia,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeshaitikia huku umekunja uso, maana tangu lini Modestus akaandika barua ndefu bila kuwa na lake jambo. Vumilia, lipo, ila kwanza adabu. Magoti yanaendeleaje, dada? Ya kusalia na ya kutembelea, yote nayaulizia. Mama Mkuu hajambo? Na yule ng'ombe wa konventi mwenye pembe moja, bado anakanyaga maharage ya masista na kuangalia pembeni? Sisi huku tu wazima. Binti yangu Joyceline yuko na wagonjwa wake hospitali, mumewe Wilfred yuko na mahesabu ya watu ofisini, na mimi niko na rimoti. Presha yangu inapanda na kushuka, lakini hata bei ya mayai hapa inafanya hivyo hivyo na hakuna anayeipeleka kwa daktari.

Barua hii anakuletea Wilfred mkononi, maana anakuja likizo. Ningepiga simu, lakini simu ya konventi anaishika Mama Mkuu, na haya si ya kusemea kwenye spika wakati masista wako mezani.

Habari yenyewe ni ya mjukuu wetu Queen. Unakumbuka nilikwambia anacheza baleti. Ni dansi la kusimama kwa ncha za vidole, mgongo umenyooka kama mtu aliyemeza mwiko, huku uso unatabasamu kana kwamba vidole ni vya mtu mwingine. Alianza akiwa na meno ya utotoni, na hadi leo hapigi mswaki bila kusimama kwa mguu mmoja. Mimi mwanzoni nilidhani ni ugonjwa.

Siku moja alishuka ngazi analia kwamba haoni tutu yake na atachelewa. Mimi nikasikia mtutu. Nikajua ile M imedondoka njiani, maana kwa watoto wa huku herufi za Kiswahili hudondoka kama vifungo vya shati la zamani. Nikainuka na presha yangu, nikafunga mlango wa mbele, nikampigia Joyceline kazini kumwambia mwanao anatafuta mtutu wa bunduki na ana hasira. Dada, hii ni Texas, jambo kama hilo huulizi mara mbili. Joyceline akaomba kuongea na mtoto, na mara nikasikia wanacheka wote wawili, mmoja kwenye simu na mwingine mbele yangu. Kumbe tutu ni sketi ya wachezaji wa baleti, ya neti tupu, imetandazwa kiunoni kama sinia. Ilipoonekana nyuma ya mashine ya kufulia niliishika, nikaichungulia kwenye mwanga, nikawaambia hiki ni chandarua. Wakanicheka upya. Lakini ni chandarua, na wewe unajua nilipata wapi uhakika huo.

Sasa sikiliza. Mwaka huu chuo chao cha baleti pale Arlington kiliandaa onyesho la mavazi ya mwanzo wa miaka ya sitini. Mwalimu wao anaitwa Natalia, mwanamke mwembamba kama mshumaa wa Pasaka, na hasira zake ni za upole. Aliwaambia kwamba miaka ile watu wa mitindo na watu wa baleti walikuwa wakiazimana nguo. Wanawake walipita barabarani na viatu bapa vya wachezaji, kiuno kimebanwa na sketi imefumuka kama kengele, na wachezaji nao wakapanda jukwaani kama wanakwenda kwenye karamu ya balozi. Basi kila binti alete picha ya bibi yake ya miaka ile, ashonewe vazi kwa mfano wake, na kabla ya kucheza amtaje bibi huyo kwa jina mbele ya watu.

Wenzake wakaleta. Wapo mabibi wenye kofia kama kopo la Blue Band limeegeshwa kisogoni, wapo wenye makoti mafupi yenye vifungo vikubwa kama visosi, wapo wenye glavu hadi kwenye viwiko na nywele zilizoinuliwa kama kichuguu. Queen hakuwa na kitu. Mke wangu marehemu miaka ile alikuwa bado anatambaa, na mama yake Wilfred hakuwahi kupigwa picha hadi alipozeeka. Binti mmoja akamwuliza Queen kama bibi yake alikuwa anavaa majani. Natalia akamkemea, akamwahidi Queen kumshonea gauni lolote zuri. Lakini mtoto hakutaka gauni lolote. Alirudi nyumbani akamwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba baleti basi. Joyceline, aliyechoka ku-drive kila Jumamosi, akasema haya, kama ni basi na iwe basi. Nikamwona Queen anavikunja vile viatu vyake vya pinki, anavitia kwenye boksi la nguo za kugawa, taratibu, kama mtu anayezika paka. Hapo, dada, hata mzaha ulinikimbia.

Nikaenda chumbani nikaifungua misale yangu, kile kitabu changu cha misa. Unajua kilichomo. Ile picha yako ya studio ya mwaka wa Uhuru, kabla hujaitwa sista: kiuno cha nyigu, glavu nyeupe, viatu vya mchuchumio, nywele juu kama mnara wa kanisa, na sketi imesimama yenyewe kama inasubiri kupigiwa saluti. Nikampa. Akaniuliza kama kweli hii ni Afrika. Nikamwambia hii ni Bukoba, Afrika ni kubwa mno, siwezi kuisemea yote. Akaenda mwenyewe kwenye boksi akatoa viatu.

Natalia aliipokea ile picha kwa ncha za vidole kama hostia. Akauliza sketi ilisimamaje hivyo. Nikamweleza, Queen akitafsiri, kwamba ndani kulikuwa na chandarua cha mama, umekikata tabaka tatu na kukichovya kwenye kanji ya muhogo, na kwamba mama alilaumu panya mpaka anaingia kaburini. Alicheka hadi akakaa. Nikajitolea kuwapikia kanji hiyo hiyo. Akanishukuru sana, akasema neti za siku hizi zinasimama zenyewe. Niliona aibu kidogo, maana kanji nilishaipika. Wilfred aliikuta kwenye friji akaila na sukari akidhani ni uji, na wiki nzima alikuwa mtu mnyoofu mno.

Wakauliza rangi, maana picha ni ya nyeusi na nyeupe. Hapo nilijibu kama mkuu wa shule: njano ya ndizi mbivu, madoadoa meupe. Nani angejua kuliko mimi niliyekibeba kile kitambaa kichwani kutoka dukani huku ukinifokea nisikiloweshe kwa jasho.

Siku ya onyesho nilivaa suti na Joyceline akanikataza kofia. Queen alitoka wa mwisho. Dada, lilikuwa gauni lako. Nyuma yake ukutani picha yako imekuzwa hadi glavu moja ilitoshana na mlango. Akasogea kwenye maikrofoni na, badala ya Kiingereza, akasema kwa Kiswahili: huyu ni bibi wangu, Pelagia, wa Bukoba. Bibi wangu. Mama yake akaniangalia kama nitasahihisha. Mimi sikusahihisha, siku ile hata sarufi ingenikuta nimesimama mlangoni na fimbo. Kisha akacheza. Alizunguka mpaka njano ile ikaelea, na chini yake neti zikaonekana, tabaka juu ya tabaka. Alipomaliza watu walisimama. Yule binti wa majani alisimama miongoni mwa wa kwanza, na nimemsamehe, ingawa polepole.

Sasa dada, weka miwani vizuri na ukae chini, kiti chenye mgongo.

Ile siku unaingia unovisi, kuanza mafunzo ya utawa, uliniapisha nisiseme kwa mtu kwamba uliwahi kucheza dansi. Nimetunza kiapo hicho hadi nikazeeka nacho. Lakini Natalia aliomba ndugu wa mabibi wasimame wapungiwe mikono, na mimi nikaona wanakupigia makofi yale ya marehemu, ya huruma, vichwa vimeinama upande. Roho ikakataa. Nikajikuta jukwaani. Nikawaambia huyu dada yangu yu hai, ni mtawa tangu ujana, na kwenye dansi la Uhuru alicheza tuisti katika ukumbi wa welfea, ule wa burudani za mji, mpaka kisigino cha kiatu kikavunjika, akavua vyote viwili akaendelea pekupeku, na makarani wa boma wakaacha wake zao wakamzunguka kuangalia. Queen alitafsiri yote, na nadhani aliongeza. Tena nikawaonyesha kidogo kwa kiuno. Joyceline alijifunika uso kwa mkoba, lakini mkono mwingine ulikuwa unarekodi. Video ikaenda kwenye kundi la Wanabukoba wa Texas, na kwa hiyo, dada, imeshafika kwenye simu ya Mama Mkuu.

Usizimie. Amenitumia ujumbe wa sauti. Kwanza alicheka muda mrefu hadi nikadhani simu imeharibika. Kisha akasema sasa anaelewa kwa nini ngoma za sikukuu zikilia, kanzu yako inatulia lakini kiatu chako kinagonga sakafu. Na Padre wetu hapa kanifundisha jambo ambalo wewe umelijua miaka yote ukanyamaza: Mtakatifu Pelagia mwenyewe alikuwa mchezaji kabla ya kutubu. Nikamwambia basi jina liliingia kwenye mwili, ingawa langu mimi Modestus, yaani mwenye haya, lilinikosa kabisa.

Nimezoea kujisifia dada mtawa, dada. Siku ile nilijisifia yule wa kabla ya mtawa, na nikaona ni mtu mmoja.

Julai nakuja na Queen. Gauni amepewa yeye na tayari limekunjwa. Mama Mkuu ametupa ukumbi wa konventi na amesema masista wote watahudhuria. Mtoto ana ombi moja tu, kwamba bibi wake amfundishe ile tuisti, miguu peku, kama ilivyokuwa. Tafadhali usije ukamwambia umesahau, au kwamba yalikuwa maneno ya Modestus mwongo. Nilikuwa nimening'inia kwenye dirisha la ukumbi, dada, na niliona yote.

Wasalimie masista mmoja mmoja, kuanzia mkali hadi mpole, na ng'ombe pia. Joyceline anakubusu mikono, Queen anasema hi. Mungu akulinde na akulainishie magoti hadi Julai.

Ni mimi mdogo wako asiye na haya,
Modestus