Makubadhi Nyuma ya Friji

Wahida mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Maharage yako motoni, yaangalie. Mashine ya kukimbilia aliyoninunulia mumeo naitumia kuanikia taulo. Inakausha vizuri, mwambie Mikdad ahsante.

Asubuhi nimekuuliza makubadhi yangu yako wapi, ukanijibu, “Baba, tangu ulipoanguka sokoni, mazoezi ni hapahapa sebuleni.” Daktari kasema nitembee kila siku. Hakusema nitembee palepale nilipo! Hata ngamia wa kinu cha mafuta huwa anazunguka. Na kocha wangu ni Mikdad, anayepanda bodaboda kwenda kununua kiberiti.

Ulipoingia kuoga nikayatafuta, nikayakuta nyuma ya friji. Nakwenda Mbegani, nje ya mji, kwa miguu. ~~Mchana msinipikie.~~ Nibakishieni wali.

Kuanguka hata mimi nakuogopa, mwanangu, lakini kukaa nakuogopa zaidi. Kama roho haikutulii, vaa viatu unifuate. Nitakungoja kwenye baraza ya msikiti, pale mji unapoishia, mpaka saa mbili hii ya asubuhi. Mumeo akitaka naye aje, bodaboda aiache.

Zima maharage kwanza.

Baba, mgonjwa wenu