Jampa Tatu na Deki ya Tabu

Jumatatu, 6 Machi 1995

Skrini ya rangi imefika kutoka Dar. Mama Dorothea, meneja wa mradi wetu wa visima, anataka wafadhili wakija Ijumaa waione ramani kwenye kompyuta: visima vizima kwa bluu, vilivyokauka kwa nyekundu. Nimeiunganisha. Picha inatoka, ila rangi ni nne tu na herufi zinachezacheza.

Kitabu cha maelekezo kinasema ndani kuna kadi ya skrini, na kadi ina jampa tatu — vidude vyeusi, kama punje ya mchele, vinavyofunika pini mbili mbili. Ukitaka rangi zaidi unazihamisha. Kinasema pia zimeshapangwa kiwandani, asiye fundi asiguse.

Nikamwambia Mama, "Niachie mimi, kazi ndogo hiyo." Kozi ya kompyuta ya wiki mbili imenipa mdomo.

Jumanne, 7 Machi

Nilifungua kompyuta saa ya chakula, wenzangu wakiwa kantini. Nikahamisha jampa zote tatu. Sikuandika zilikaaje mwanzo. Nikawasha — giza. Nikazirudisha nilivyodhani. Giza. Mara nne, mara tano. Nikasikia viatu vya Mama kwenye korido, nikafunika haraka.

Sakafu ilikuwa bado mbichi. Tabu, anayetufanyia usafi, alikuwa ametoka kupiga deki. Mama akaangalia skrini, akaangalia chini, akauliza kama maji yanaweza kuwa yameingia kwenye mashine.

Nikasema, "Inawezekana."

Neno moja tu. Wala hakunibana.

Jumatano, 8 Machi

Tabu kaambiwa akae nyumbani mpaka fundi aje kutoka Dar. Ikionekana ni maji, basi, kazi hana. Miaka sita anakuja kwa miguu kutoka Zuzu, na hajawahi kuchelewa.

Kabla ya kuondoka alinifuata stoo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasema taratibu, "Mwanangu Gaudence, tambara nililikamua vizuri. Nawaeleza hawanielewi. Wewe umesomea mambo haya, watakusikiliza."

Nikamwambia nitaona.

Nitaona nini? Niliona tayari.

Alhamisi, 9 Machi

Mara mbili nimefika mlangoni kwa Mama. Mara zote nimeuliza habari ya karatasi za printa.

Ijumaa, 10 Machi

Fundi anaitwa Zaidi, mtu mpole, umri wangu. Alifungua mashine, akamulika tochi ndani. Tulikuwa wawili tu.

"Nani kahamisha hizi?"

Nikaanza kukunja waya wa skrini.

"Maji hayahamishi jampa, bwana."

Hakuchukua hata dakika kumi. Alisoma kile kile kitabu changu, akaweka moja hapa, mbili pale. Ramani ikatokea, visima vya Kolo vyote bluu, inapendeza. Mimi nikawa naangalia ukuta. Akaenda kumwambia Mama kwamba si maji. Aliporudi akaniambia hajaulizwa, kama si maji, ni nini basi. "Akiniuliza nitasema. Afadhali asikie kwako."

Wafadhili wamekuja, wamesifu, wameondoka. Mama kanipongeza mbele yao. Nikainama, wakadhani ni unyenyekevu.

Sasa ni saa tisa. Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya Mama, safari hii nimekuja kusema. Yuko ndani, anaongea na simu. Tabu kaitwa arudi kazini, kaja na kanga mpya, kakaa hapa pembeni yangu. Hajui kusoma, anadhani naandika ripoti. Amenishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Najua ni wewe uliyenisemea, mwanangu. Mungu akulipe."

Nikafungua mdomo nimwambie. Nikasema, "Asante, mama."

Simu imewekwa chini. Mama Dorothea anauliza kutoka ndani, nani anaanza kuingia. Tabu ananisukuma begani kidogo. Anasema nitangulie mimi, yeye siku zote ana nafasi ya kungoja —